Mto, Mguu na Mizani

Mwezi Agosti 1874 Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyekuwa ametembea kutoka Bagamoyo, alifika Nyangwe, ukingo wa kulia wa Lualaba. Watu wa soko lile walikuwa wamekwisha kuzoea wageni wenye vyombo. David Livingstone alikaa hapo tangu mwisho wa Machi 1871 akitafuta mitumbwi ya kuushuka mto, na tarehe 15 Julai mwaka ule aliwaona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza na kununua. Mamia walikufa, wengi wao kwa kuzama. Livingstone aliondoka amevunjika moyo, akafa 1873 akiwa bado anatumaini kwamba maji aliyoyaona Nyangwe ni maji ya Nile. Cameron naye alinyimwa mitumbwi. Kwa kuwa hakuweza kuufuata mto, ilimbidi aupime.

Alipima mambo mawili. La kwanza ni kimo cha Nyangwe kutoka usawa wa bahari. Wasafiri wa wakati ule walipima kimo kwa kipimahewa, au kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto: ufukweni maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, na kila upandapo mita 300 hivi huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Cameron aliona kwamba Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro, kituo cha Nile kilichokuwa kimepimwa na wasafiri wengine. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo Lualaba haiwezi kuwa Nile. La pili ni wingi wa maji. Alipima upana wa mto, kina chake na kasi yake, akapata futi za ujazo 123,000 kwa sekunde wakati wa kiangazi. Hesabu iliyojulikana ya Nile pale Gondokoro ilikuwa 21,500.

Kwa hukumu yangu, hoja ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito. Kosa la sehemu moja ya kumi ya nyuzi katika kusoma kipimajoto huleta kosa la mita 30 katika kimo, na chombo kilichobebwa kichwani kwa zaidi ya mwaka mzima kutoka pwani kinaweza kukosea zaidi ya hapo. Tena kimo cha Gondokoro kilipimwa na mtu mwingine, kwa chombo kingine, mwaka mwingine. Hakuna aliyewahi kuviweka vyombo hivyo viwili pamoja juu ya moto mmoja. Lakini wingi wa maji ni jambo la namna nyingine. Hata kama Cameron angekosea kwa robo nzima, Lualaba ingebaki na maji zaidi ya mara nne ya Nile ya Gondokoro, na mto hauwezi kupoteza maji yote hayo njiani. Henry Morton Stanley alipopita Nyangwe mwishoni mwa 1876 na kutokea Boma tarehe 9 Agosti 1877, alithibitisha kwa mtumbwi kile ambacho hesabu ya maji ilikuwa imekwisha kukisema.

Nimeanza na mto kwa sababu ugumu uleule umewapata watu wanaopima nguvu za mguu wa mwendesha baiskeli. Tofauti kubwa huvumilia chombo kibovu. Tofauti ndogo haina maana yoyote mpaka ujue chombo chako hukosea kiasi gani, na mwenzako alipima kwa chombo gani. Katika mchezo wa baiskeli wa leo, tofauti zinazoamua nani aitwe Ulaya na nani abaki nyumbani ni ndogo.

Kwenye barabara za Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema, Kongo, chombo cha mtu wa kawaida ni kinga, baiskeli nzito ya chuma isiyo na giya, iliyopakiwa mchele au mawese, na mwenyewe akiisukuma kwa mikono mlima unapomshinda. Kijana anayefanya kazi hiyo kila wiki ana miguu na mapafu. Ana kiasi gani? Jibu hutolewa kwa wati, na njia ya kufikia wati ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Wati ni kani iliyozidishwa kwa mwendo. Ukikanyaga pedali kwa kani kubwa lakini polepole, au kwa kani ndogo lakini haraka, unaweza kutoa wati zilezile. Kwa hiyo anayetaka kupima lazima ajue mambo mawili kwa wakati mmoja: mguu unasukuma kwa uzito gani, na pedali inazunguka mara ngapi kwa dakika. Mizunguko ni rahisi, hata mtoto anaweza kuihesabu. Kani ndiyo iliyowasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka mia moja, na ndiyo inayowasumbua hadi leo.

Mwaka 1913 huko Copenhagen, August Krogh, mwanafiziolojia wa Denmark aliyepewa Tuzo ya Nobel 1920, alieleza baiskeli yake ya maabara isiyokwenda popote. Gurudumu lake lilizuiwa na breki ya sumaku-umeme, na mvuto wa breki ile ulisawazishwa kwa mawe ya mizani. Ubora wa wazo hilo ni kwamba kani ililinganishwa na uzito ambao kila mtu anaweza kuukagua, kwa maana kilo moja ni kilo moja Copenhagen na Kindu pia. Mwaka 1954 Wilhelm von Döbeln wa Sweden alitengeneza baiskeli sahili zaidi: mkanda umezungushwa kwenye gurudumu zito, na bembea yenye uzito maalumu ikionyesha mkanda unavutwa kwa kiasi gani. Kwenye baiskeli za aina hiyo, zilizosambaa katika hospitali na vyuo vya dunia nzima, mzunguko mmoja wa pedali huupeleka ukingo wa gurudumu mita 6. Mkanda ukivutwa kwa uzito wa kilo 2, na mtu akizungusha pedali mara 50 kwa dakika, anatoa karibu wati 100.

Nasema karibu, kwa sababu sehemu ya nguvu za mguu humezwa na mnyororo na beringi kabla ya kufika kwenye mkanda. Mguu umetoa zaidi ya kile breki ilichokiona. Mnyororo ukikauka mafuta, mtu yuleyule aliye na afya ileile ataonekana amedhoofika.

Baiskeli za namna hiyo ziliingia Afrika Mashariki na Kongo kwa kazi ya sayansi kabla hazijaingia kwa ajili ya michezo. Kati ya 1964 na 1974 wanasayansi wa nchi nyingi waliungana katika Mpango wa Kimataifa wa Biolojia, na tawi lake la binadamu, likiongozwa na J. S. Weiner, lilitaka kujua watu wa mazingira mbalimbali wana uwezo gani wa kufanya kazi za nguvu. Mwaka 1969 Weiner na J. A. Lourie walitoa kitabu cha mwongozo wa vipimo ili mtu aliyepimwa kijijini Afrika aweze kulinganishwa na aliyepimwa Ulaya. C. T. M. Davies na wenzake, akiwemo D. Mbelwa, walichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 mfululizo wa tafiti kuhusu watu wazima na watoto wa Afrika Mashariki, wakichunguza pia jinsi upungufu wa damu, kichocho na lishe duni vinavyougusa uwezo wa mwili. Upande wa Kongo, J. Ghesquière wa Kinshasa alishughulikia swali hilohilo, na 1979 yeye pamoja na Austin na Azama walichapisha ulinganisho wa makundi ya Kibantu na Kitwa magharibi mwa nchi.

Kazi hizo zinastahili heshima, lakini zilibeba mtego ambao wataalamu wenyewe waliujua. Mtu ambaye hajawahi kupanda baiskeli huchoka mapaja kabla moyo na mapafu yake havijafika mwisho. Anaacha kukanyaga kwa sababu misuli ile haijazoea, na mashine inaandika namba ya chini. Mkulima anayepanda mlima na mzigo wa kuni kila siku anaweza kuonekana dhaifu mbele ya karani wa Stockholm anayekwenda kazini kwa baiskeli. Ndiyo maana mwongozo wa wakati ule uliruhusu pia jaribio la kupanda na kushuka ngazi, kazi ambayo mwili wa kila mtu unaijua. Namba nyingi kuhusu uwezo wa Mwafrika ziliandikwa katika karne ya ishirini na kusomwa na watu ambao hawakuuliza kama aliyepimwa alikuwa anajua kuendesha. Hili linanikera, kwa sababu swali lilikuwa jepesi na lingeulizwa siku ya kwanza.

Kwa waendeshaji wa mashindano, mlango ulifunguka 1986, Mjerumani Ulrich Schoberer alipoanza kutengeneza kipimo cha nguvu kinachofungwa kwenye baiskeli yenyewe. Ndani yake mna vipande vyembamba vya metali vinavyobadilisha ukinzani wa umeme vinapopindwa. Mguu ukisukuma, chuma hupinda kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, na umeme unakisoma. Kifaa hicho kinaweza kukaguliwa kwa njia ya Krogh: unaning'iniza uzito unaojulikana kwenye pedali na kuangalia kama kinasoma sawa. Lakini chuma hutanuka kwa joto. Kifaa kilichowekwa kwenye sifuri asubuhi yenye baridi hakitasoma sifuri ileile mchana, ndiyo maana mwendeshaji makini hukirudisha kwenye sifuri kila mara kabla ya kuanza.

Mashine za kufanyia mazoezi ndani ya nyumba zilichukua njia nyingine. Katika zile za zamani, gurudumu la nyuma la baiskeli ya kawaida lilikandamizwa juu ya rola ndogo iliyozuiwa na sumaku, na hapo ubora wa kipimo ulitegemea tairi. Pampu ikiwa pungufu, tairi hubonyea zaidi na kula nguvu. Tairi likipata moto baada ya dakika kumi, hula pungufu. Kwa hiyo mtu alitakiwa apashe mashine moto kwanza, aongeze mwendo, aache kukanyaga, na kompyuta ipime gurudumu linachukua muda gani kupungua mwendo. Aliyeruka hatua hiyo alipata namba, tena yenye tarakimu zilizonyooka kabisa kwenye kioo, lakini ilikuwa namba ya tairi lake na ya pampu yake.

Mwanzoni mwa 2007 Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, mwaka 1981, alikwenda Rwanda kuunda timu ya taifa baada ya mtengenezaji wa baiskeli Tom Ritchey kumvuta huko. Aliwakuta vijana waliojifunza mbio kwa kubeba abiria na mizigo kwenye milima, na aliwapima ndani, baiskeli ikiwa imefungwa kwenye mashine ya wati. Miongoni mwao walikuwamo Abraham Ruhumuriza, aliyekuwa amekwisha kushinda mbio za Tour du Rwanda mara kadhaa, na Adrien Niyonshuti, kijana wa Rwamagana aliyepoteza kaka sita katika mauaji ya kimbari ya 1994. Niyonshuti alisajiliwa na timu ya kulipwa ya Afrika Kusini, na 2012 alibeba bendera ya Rwanda kwenye Michezo ya Olimpiki ya London.

Kambi ya timu ile ilikuwa Ruhengeri, mji unaoitwa sasa Musanze, kwenye kimo cha mita 1,850 hivi. Kule hewa ni nyepesi, na kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kuliko pwani. Mtu anayeweza kushikilia wati 350 Mombasa kwa dakika ishirini hatazifikisha Musanze, na Iten nchini Kenya, karibu mita 2,400, atashuka zaidi. Upungufu huo hutofautiana baina ya mtu na mtu, kwa hiyo hakuna hesabu moja ya kuufuta. Kocha wa Ulaya anayesoma karatasi kutoka milimani bila kuona kimo kilichoandikwa juu yake anamhukumu kijana kwa kosa la hewa.

Wakati huohuo, nchini Kenya, mpigapicha wa Singapore Nicholas Leong alijaribu kujibu swali lake bila mashine. Alitaka kujua kama nchi ya wakimbiaji inaweza kuzaa waendesha baiskeli, na Agosti 2008 aliwapeleka Zakayo Nderi na Samwel Mwangi kwenye mlima wa Alpe d'Huez, Ufaransa, barabara ya karibu kilomita 14 ambayo muda wa mabingwa wengi wa Tour unajulikana. Mwenye kasi zaidi kati yao alipanda kwa dakika 42 na ushei, muda wa kuheshimika mno kwa mtu aliyekuwa hajulikani popote.

Ninaipenda njia ya Leong kwa sababu mlima wenyewe ni mizani. Ukijua uzito wa mtu pamoja na baiskeli, kimo alichopanda na muda aliotumia, unapata sehemu kubwa ya wati zake kwa hesabu ya shule. Chukua kilo 65 kwa jumla, mita 1,100 za kupanda na dakika 42: zinatoka wati 278 hivi, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano wa tairi. Mlima ukiwa mkali, upepo na tairi ni sehemu ndogo, na hesabu inakaribia kweli. Barabara ikiwa tambarare, upepo unatawala na hesabu inaharibika.

Hata hivyo, ni kisa cha mtoto wa Nairobi kilichoifanya dunia nzima igombane juu ya kipimo. Chris Froome alizaliwa Nairobi tarehe 20 Mei 1985, na alifundishwa baiskeli na David Kinjah, mwendeshaji wa Kikuyu aliyewakusanya vijana nyumbani kwake kijijini na kuwafunza mbio na ufundi. Froome aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne 2006. Mwaka uliofuata alichukuliwa na kituo cha shirikisho la kimataifa la baiskeli kilichoko Aigle, Uswisi, na huko Uswisi akapimwa maabara. Karatasi ya 2007 ilisema ana kilo 75.6, kilele cha wati 540, na kizingiti cha wati 420, yaani nguvu anayoweza kuishikilia kwa muda mrefu kabla asidi ya laktiki haijamzidi. Namba hizo zilikaa kwenye faili kwa miaka minane bila mtu kuziuliza.

Tarehe 14 Julai 2015, akiwa anatafuta ushindi wake wa pili wa Tour de France, Froome aliwaacha wapinzani wote kwenye mlima wa La Pierre-Saint-Martin. Siku tano baadaye runinga ya Ufaransa ilimleta mtaalamu Pierre Sallet, aliyekadiria kwamba Froome alitoa wati 7.04 kwa kila kilo ya mwili. Kwa masikio ya watu wa mchezo huo, namba hiyo ilikuwa shutuma ya dawa. Timu ya Sky, ambayo kwa kawaida ilificha data zake, ilimtoa Tim Kerrison, mkuu wake wa mazoezi, mbele ya waandishi. Alisema kifaa cha Froome kilionyesha wastani wa wati 414 kwa dakika 41 na sekunde 28. Kisha akaongeza neno ambalo wengi walilichukua kama kisingizio: sahani ya meno ya Froome haikuwa duara bali ilikuwa na umbo la yai, na kifaa kikifungwa pamoja na sahani ya aina hiyo husoma zaidi kwa takribani asilimia 6.

Neno lake lilikuwa kweli, na sababu yake inafaa kueleweka. Vipimo vingi vya wakati ule vilihesabu mwendo wa pedali mara moja kwa kila mzunguko na kuchukulia kwamba mguu unazunguka kwa kasi moja toka mwanzo hadi mwisho. Kwenye sahani ya umbo la yai mguu huenda polepole pale unaposukuma kwa nguvu na haraka pale usiposukuma. Kifaa huzidisha kani kubwa kwa kasi ya wastani ambayo wakati ule mguu haukuwa nayo, na jibu linavimba. Tena kifaa walichotumia kilipima mkono wa pedali wa kushoto tu na kuzidisha mara mbili, kana kwamba miguu miwili ya binadamu hulingana daima. Ukiondoa ziada hiyo ya asilimia 6, yaani ukigawa kwa 1.06, wati 414 zinakuwa 391 hivi. Ukigawa kwa kilo 67.5, uzito uliotajwa na timu, unapata takribani 5.78 kwa kilo.

Kati ya 7.04 na 5.78 kuna pengo la zaidi ya moja ya tano ya namba ndogo. Mtu mmoja, mlima mmoja, alasiri moja. Sallet hakuwa na kifaa kwenye baiskeli wala mizani chini ya mwendeshaji. Alikuwa na picha za runinga na makadirio. Timu ilikuwa na kifaa, lakini kifaa chenye kosa linalojulikana na uzito uliosemwa na wenyewe. Hakuna upande uliokuwa na kipimo ambacho mtu wa tatu angeweza kukikagua.

Kwa hiyo tarehe 17 Agosti 2015, wiki tatu baada ya kushinda Tour, Froome aliingia maabara ya Brentford, magharibi mwa London, akiwepo Jeroen Swart, mwanasayansi wa michezo wa Cape Town. Hapo ndani hapakuwa na upepo wala mteremko wa kukisia. Alipimwa katika joto la nyuzi 20, kisha katika joto la nyuzi 30 lenye unyevu, hali ambayo mtu wa Maniema angeitambua mara moja. Matokeo yalitangazwa mwezi Desemba: kilo 69.9, kilele cha wati 525, kizingiti cha wati 419, na uwezo wa kutumia oksijeni wa mililita 84.6 kwa kilo kwa dakika. Mwaka 2017 watafiti walichapisha kazi yao katika jarida la kitaalamu.

Weka karatasi mbili kando kwa kando. Kizingiti cha 2007 ni wati 420. Cha 2015 ni wati 419. Ni vizuri kutoushangilia ulingano huo kupita kiasi, maana maabara nzuri hukosea kwa asilimia moja au mbili, yaani wati 4 hadi 8 hapa, na tofauti ya wati moja kati ya maabara mbili ni bahati kwa kiasi fulani. Lakini tofauti nyingine ni kubwa kuliko kosa lolote la mashine: kilo 75.6 zimekuwa 69.9. Kwa kila kilo ya mwili, wati 5.6 zimekuwa karibu 6. Swali la kijana wa Nairobi aliyegeuka bingwa lilijibiwa zaidi na mizani ya bafuni kuliko na kifaa cha maelfu ya dola. Mizani hiyo nayo ni chombo. Nayo hukosea, na uzito wa asubuhi si uzito wa jioni.

Mwaka 2020 uviko ulipofunga barabara, mbio zenyewe zilihamia ndani ya nyumba. Tarehe 9 Desemba mwaka huo shirikisho la kimataifa liliendesha mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za mtandaoni, na Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini akashinda upande wa wanawake. Waandaaji waliwapa washiriki mashine za aina moja, kwa sababu katika mbio hizo wati na kilo ndizo barabara yenyewe: anayepunguza uzito wake kwenye fomu kwa kilo tatu anapanda mlima haraka bila kutoa jasho. Waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda wa Timu ya Amani waliingia nao katika mbio za mtandaoni, wengine wakiwa milimani, kwenye hewa nyepesi iliyowanyima wati ambazo mpinzani aliyekaa ufukweni alipata bure. 

Jaribio lililoenea zaidi siku hizi ni la dakika ishirini: unapasha mwili moto, unakanyaga kwa nguvu zote unazoweza kuzishikilia, unachukua wastani na kuuzidisha kwa 0.95. Wamarekani Hunter Allen na Andrew Coggan ndio walioueneza utaratibu huo. Ni jaribio la haki kwa anayejua kugawa nguvu zake, na huwaonea wageni, ambao huanza kama wanafukuzwa na kumaliza wakiburuta miguu. Ndani ya chumba kuna adui mwingine, nalo ni joto. Barabarani upepo hukausha jasho, ila kwenye baiskeli isiyokwenda mwili hujipika. Bila feni, wati hushuka kutoka dakika ya kumi, na kushuka huko huandikwa kama udhaifu wa mtu. Jaribio la kwanza la mgeni lihesabiwe kuwa mazoezi, na la pili na la tatu, kwa mashine ileile, tairi lililojazwa vilevile, saa ileile na feni ileile, ndiyo yaaminiwe. Hata hapo, mtu mmoja hutofautiana na nafsi yake kwa asilimia mbili au tatu kati ya siku na siku.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda mbio kuu ya wanaume. Timu ya kulipwa inayotafuta kijana huku kwetu huomba faili la wati.

Kasongo haina maabara ya namna hiyo, lakini ina mizani ya kupimia mchele, saa na vilima. Anayetaka kumpima kijana wa huko kwa uaminifu atafute mpando mkali usio na upepo, wa dakika kumi au zaidi. Ampime kijana pamoja na kinga yake na kila kilichofungwa juu yake, na kabla ya hapo aikague mizani kwa kitu ambacho uzito wake hauna ubishi. Kimo cha mpando kisichukuliwe kwenye simu mara moja, kwa maana simu inaweza kukosea mita kadhaa, na mita tano katika mia ni asilimia tano za wati. Kipimwe mara nyingi, siku tofauti, kisha uchukuliwe wastani. Kijana apande mara tatu katika siku tatu zilizoachana. Kwenye karatasi yaandikwe yote: kilo, kimo cha mpando, kimo cha mahali kutoka baharini, joto, saa, aina ya tairi, na muda wa kila mara, si ule bora peke yake. Karatasi hiyo bado haitamweka sawa na kijana aliyepimwa Iten, kwenye mita 2,400 na mashine ya kisasa. Kwa hilo, wawili hao lazima wakutane mahali pamoja, juu ya chombo kimoja, na mtu alipe nauli ya kutoka Kasongo.